Vikaratasi Kumi na Kimoja

Mlima uliporomoka dakika chache tu baada ya gari la Inspekta Eudoro Tulcán kupita. Alisikia mngurumo nyuma yake, akasimama, akageuka, akaona barabara imekwisha: tope, mawe, na miti mizima imelala mizizi juu. Alitukana, kisha akajaribu simu. Hakukuwa na mtandao. Kulia kwake ukungu ulikuwa umefunika bonde, kushoto kulikuwa na mlima, na mbele kulikuwa na kijiji cha Cumbalarán, alikotumwa kuchunguza kifo, ambako barabara hufika na kufia hapo hapo. Kwa hiyo akaenda mbele, maana hakuwa na pengine pa kwenda.

"Karibu, Inspekta," alisema Olmedo Pantoja kabla mgeni hajafunga mlango wa gari. Alikuwa jitu la mtu, joho lake la sufu limeloa mabegani. "Kazi tumeshakumalizia. Muuaji yuko ghalani, ushahidi uko mezani. Kilichobaki ni wewe kuandika."

"Mimi huandika polepole."

"Basi anza mapema. Saa kumi tunazika."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Arsenio Pantoja, kaka yake Olmedo, mkulima wa viazi wa miaka arobaini na minne, alikuwa amefariki juzi jioni. Alikula vijiko vitatu vya supu aliyopikiwa na mkewe, Deyanira, akaweka kijiko chini, akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa, halafu damu, halafu basi. Maiti haijapoa, mama yake alikuwa amekwisha kutamka neno sumu, na neno hilo halikuhitaji barabara ili lifike kila nyumba.

"Naomba mazishi yangoje," Tulcán alisema. "Daktari wa polisi lazima aufungue mwili."

"Daktari atapita wapi? Ataruka?" Olmedo alicheka kicheko kisicho na furaha. "Sikiliza, Inspekta. Tukirudi kutoka makaburini, yule mwanamke anatoka kijijini kwa miguu, kupitia kilele, na mvua hii hii. Mtoto wao, Yurani, anabaki kwa bibi yake. Wewe ukitaka kumfunga pingu uende naye, chukua, ni wako. Lakini usiku wa leo hatalala hapa, na mtoto haondoki naye."

"Na kama hakuua?"

"Si aseme basi! Tangu juzi tunamuuliza, kimya. Asiye na hatia hupiga kelele."

Katika miaka ishirini na sita ya kazi Tulcán alikuwa amewaona wasio na hatia wa kila aina, wenye kelele na wasio na kelele, lakini hakuona faida ya kubishana na mtu ambaye hajalala siku mbili.

Chumba cha mbele kilijaa watu hadi ukutani. Jeneza lilikuwa katikati, juu ya viti vinne, limeshafungwa. Juu ya kifuniko kulikuwa na kofia ya marehemu, nyeusi, ya ukingo mpana. Ingeshushwa kaburini pamoja naye, kama zilivyoshushwa kofia za wanaume wote wa ukoo ule. Mama Zoila, mama mzazi wa marehemu, alikaa kichwani pa jeneza, mkono mmoja una birika na mwingine una kikombe. Kikombe kilikuwa kimoja. Alimimina pombe ya miwa ya moto yenye mdalasini, akampa mtu, mtu akanywa, akarudisha, akamiminiwa mwingine. Kilimfikia Tulcán baada ya midomo kama ishirini. Tumbo lake lilikuwa likiwaka tangu alfajiri, kama linavyowaka kila alfajiri.

"Mama, leo tumbo langu..."

"Nyumba hii hakuna anayekunywa peke yake, mwanangu, na hakuna anayekataa."

Akanywa. Alizaliwa milima ile ile na alijua kwamba kukataa kikombe cha msiba ni kumtemea mate marehemu. Kisha akageukia ukuta, akatafuna kidonge cha kiungulia kwa siri, cha tatu tangu asubuhi.

Alichukua maelezo ya mama kwanza. Yalikuwa mafupi na makali. Tangu mwaka jana Arsenio alikuwa hali chakula tena; vijiko vitatu, ameshiba. Akawa anakonda. Akawa anakwenda mjini na mkewe, wakirudi hawasemi walifuata nini. "Alikuwa anamtilia kidogo kidogo," Mama Zoila alisema. "Andika hivyo hivyo." Tulcán aliandika, akamsomea, akamsogezea kalamu. Mama aliisukuma kando akatoa kidole gumba. "Shule ilikuwa ng'ambo ya mto," alisema, na hilo likaisha.

Olmedo alimpeleka jikoni, penye joto, ambapo simbilisi, wanyama wadogo wa kufugwa kama sungura, walikuwa wakikimbizana chini ya meza wakigombea maganda ya viazi. Mezani kulikuwa na chupa ya dawa ya kupulizia viazi na kopo la biskuti lenye kutu.

"Chupa ilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda chao."

"Wewe ya kwako unaweka wapi?"

"Chini ya kitanda. Ikikaa nje inaibwa."

"Supu iliyobaki ilikwenda wapi?"

"Alikula mbwa. Sultán."

"Sultán amezikwa wapi?"

Olmedo aligeukia mlangoni. Sultán alikuwa pale akijikuna sikio kwa mguu wa nyuma, mzima kabisa, na ananukia supu ya msibani.

"Haya, hilo la mbwa sijui," Olmedo akasema kwa hasira. "Lakini kopo hili je? Nimelitoa mwenyewe kwenye sanduku lake, chini ya nguo za mtoto. Fungua."

Ndani mlikuwa na vikaratasi vya daftari vilivyokunjwa na kusokotwa ncha, vingine vitupu, vingine bado vina vidonge. Juu ya kila kimoja palikuwa na jina, kwa mwandiko mzuri wa duara wa mtu aliyependa shule.

"Mwandiko wa Deyanira," Olmedo alisema. "Alitupangia wote. Kila mtu na sumu yake, kila mtu na jina lake. Mpaka Mama!"

Tulcán alivipanga mezani kimoja kimoja. Vilikuwa kumi na kimoja. Kilichojaa kuliko vyote kilikuwa na vidonge saba: vya rangi mbili, vyeupe, na vya zambarau, vyote vimefifia.

"Peregrino ni nani?"

"Baba yetu, Mungu amrehemu."

"Mungu alimrehemu lini?"

"Miaka sita sasa. Aliteleza akiezeka paa."

"Na cha Yurani kiko wapi? Mtoto wa nyumba hii, ana miaka mitano. Sikioni."

Olmedo aliinama juu ya meza akaanza kuvipekua upya.

"Usihangaike," Tulcán alisema. "Niambie kitu kimoja tu. Shemeji yako alikuwa na mpango wa kumuua baba yako mara ya pili? Maana aliyeandika majina haya aliyaandika Peregrino akiwa hai na Yurani hajazaliwa. Vikaratasi hivi ni vya zamani. Havikumuua mtu juzi."

"Basi vya nini?"

"Hilo ndilo sijui. Ulitaka niandike, mimi naandika: sijui."

Zahanati ya Cumbalarán ni chumba kimoja chenye kitanda kimoja na nesi mmoja, Magola Cuarán, ambaye alikuwa amemhudumia Arsenio katika dakika zake za mwisho. Alimpa Tulcán kiti, akamtazama usoni.

"Wewe mwenyewe unatafuna hivyo vidonge tangu lini?"

"Nimekuja kuuliza, Nesi, si kuulizwa."

"Nakuuliza hivyo hivyo."

"Zamani," Tulcán alisema, akafungua daftari. "Ilikuwa sumu ya viazi?"

"Haikuwa. Nimeshapokea wanne walioinywa. Wanatokwa na mate kama ng'ombe, macho yanakuwa tundu la sindano, na chumba kizima kinanuka. Arsenio hakunuka kitu ila damu. Niliwaambia. Wakaniambia kwamba mimi na Deyanira tulisoma darasa moja, kwa hiyo namficha."

"Nguo alizovaa ziko wapi?"

Nesi alivuta mfuko chini ya kitanda. Tulcán aliacha shati na suruali, akauchukua mkanda, akaenda nao dirishani. Ulikuwa na matundu matano ya kiwandani na mengine manne yaliyotobolewa kwa msumari. Tundu la kwanza la msumari lilikuwa limelegea, ngozi imekunjamana na kuwa nyeusi pale kifungo cha mkanda kilipobana kwa miezi. La pili lilikuwa limelegea kidogo. La nne lilikuwa jipya, kingo zake bado nyeupe.

"Huyu alianza kufa kabla ya mwaka jana," alisema.

"Nami nafikiri hivyo." Nesi alifungua kabati akatoa kadi ya manjano. "Miaka minane iliyopita walikuja madaktari kutoka mji mkuu. Walichagua watu wazima wa kijiji, wakawapitisha mpira wenye kamera mpaka tumboni, wakanyofoa vipande vidogo kupima. Arsenio alikuwamo. Walimkuta na bakteria, na utando wa tumbo umeshaanza kubadilika."

"Bakteria ndiyo inaua?"

"Inakaa. Anaipata mtu akiwa mtoto, mdomo kwa mdomo, chungu kwa chungu, kwenye maji, nani ajuaye. Inakaa tumboni miaka thelathini, arobaini, inakwaruza. Wengi hawasikii kitu mpaka wanakufa kwa uzee wao. Wengine wanapata vidonda. Wachache, utando unachoka, unageuka, na mwisho unaota uvimbe. Huku kwetu milimani hao wachache si wachache sana. Nenda makaburini usome."

"Walimpa dawa?"

"Walimpa. Ya wiki mbili. Aina tatu, mbili za kuua bakteria na moja ya kutuliza asidi."

"Alimaliza?"

"Alimaliza vizuri mno! Alikuwa akipita hapa anajisifu: Nesi, leo cha tisa, Nesi, leo cha kumi. Kila siku kidonge kimoja, hakuruka hata..."

Akaitazama tena kadi ya manjano.

"Vilikuwa sita," Nesi Magola alisema polepole. "Vidonge sita kila siku. Mimi nilidhani anahesabu siku."

Tulcán aliandika daftarini: sita mara kumi na nne, themanini na vinne. Kumi na moja mara saba, sabini na saba. Vinabaki saba. Saba vya fungu lake na saba vilivyobaki ni kumi na vinne, kimoja kila siku kwa siku kumi na nne. Aliitazama hesabu hiyo. Ilikuwa safi, imefanywa na mtu mwenye akili na haki.

"Waligawana," alisema.

"Mama yangu weee," Nesi alisema, akakaa kitandani. "Nusu dozi ni mbaya kuliko hakuna. Bakteria inajifunza. Na hawakurudi kupimwa tena, walisema Arsenio amepona."

"Angekunywa zote, leo angekuwa hai?"

"Hapo usinibane. Tumbo lilikuwa limeshaanza kugeuka. Huenda ndiyo, huenda hapana. Hakuna daktari atakayekuapia."

Ghala la viazi lilikuwa nyuma ya nyumba, la mawe, bila dirisha. Kufuli lake lilikuwa kubwa kama ngumi, na ufunguo alikuwa nao Mama Zoila shingoni. Aliuvua akampa Olmedo. Olmedo alimfungulia Tulcán, akampa taa, na alipoingia tu akafunga tena kwa nje.

"We Olmedo!"

"Nimeambiwa mlango usikae wazi, Inspekta. Ukimaliza, gonga."

Hewa ilikuwa nzito kwa harufu ya udongo na viazi vilivyoanza kuota. Deyanira alikuwa ameketi juu ya magunia, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amejifunga shuka la mtoto mabegani. Tulcán aliweka kopo mbele yake.

"Mwandiko huu ni wako."

"Ni wangu."

"Hizi ni dawa za Arsenio za miaka minane iliyopita. Ziligawanywa."

Aliinua macho. Hakutarajia hilo. "Nani kakwambia?"

"Baba mkwe wako, kwa kufa mapema. Nani aligawanya?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Sikujua. Nilikuwa mjinga."

Tulcán alikaa juu ya gunia la pili, tumbo likimchoma. "Miaka minane iliyopita ulikuwa mke wa muda gani hapa?"

"Miezi mitatu."

"Bi harusi wa miezi mitatu hagawi hata chumvi katika nyumba ya Mama Zoila. Anaambiwa kaa hapa, shika kalamu, andika jina hili, andika lile. Nidanganye vizuri, basi, nami nisijione mjinga."

Deyanira alifunika uso kwa shuka. Kisha akasema yote kwa pamoja, kama mtu anayemwaga ndoo. Madaktari walikuwa wamewaambia wazi: mdudu huyu mnaye karibu nyote humu ndani, mmekula chungu kimoja. Halafu wakampa dawa Arsenio peke yake. Mama mkwe hakulielewa hilo, na nani angelielewa? Kama wote wanaye, kwa nini apone mmoja? Akaketi pale mezani jikoni, akamwaga vidonge vyote, akagawa saba saba, na vilivyobaki akamwongezea Arsenio kwa kuwa ndiye mgonjwa. Siku kumi na nne, vidonge kumi na vinne. Alifurahi kwamba hesabu imetimia. Vikaratasi alikaa navyo mwenyewe, akimpa kila mtu kidonge mkononi, na wengi walimeza bila kuuliza, wakasahau.

"Mwaka jana tulikwenda hospitali ya mjini," Deyanira aliendelea. "Daktari akasema uvimbe umeshavuka, umefika kwenye ini, hakuna cha kukata. Akamuuliza Arsenio, uliwahi kutibiwa bakteria? Akasema ndiyo, kimoja kila siku. Daktari akamwambia, vilipaswa kuwa sita. Ndani ya basi hakusema neno. Tulipofika hapo juu mlimani, akanishika mkono. Akasema: Mama asijue. Afikirie lolote, asifikirie hilo. Niapie. Nikamwapia. Tukatafuta kopo darini, nikalificha."

"Cheti cha hospitali kiko wapi?"

"Kwenye kofia yake. Ndani ya utepe. Alitaka azikwe nacho."

Tulcán alitazama saa. Saa tisa na dakika ishirini.

"Cheti hicho kitakutoa humu."

"Najua."

"Bila hicho unapanda kilele usiku unaingia, na Yurani anabaki."

"Najua, Inspekta! Unadhani nafikiria nini tangu juzi?" Sasa alikuwa analia. "Nikisema, namuua Mama. Nisiposema, napoteza mwanangu. Na niliapa. Niambie wewe, unayejua sheria."

Sheria haikuwa na neno juu ya hilo. Tulcán aliinuka akagonga mlango. Iliwachukua muda kufungua, na muda huo wote alisimama pua yake ikigusa mbao, akiona kwamba milango yote ya shauri hili ilikuwa namna hiyo, ya kufunguliwa na mtu wa upande wa pili.

Alipotoka walikuwa wamekwisha kuliinua jeneza, wanaume sita, Olmedo mbele. Tulcán alipita katikati ya watu akachukua kofia juu ya kifuniko. Mtu mmoja akapiga ukelele. Mwingine akamshika mkono.

"Kofia ya maiti!" Olmedo alinguruma, jeneza begani. "Iweke chini!"

"Mama Zoila," Tulcán alisema, "naomba dakika tano jikoni. Mimi na wewe."

Mama alimtazama, akaitazama kofia, akatangulia. Mlango ulipofungwa Tulcán aligeuza utepe wa ndani kwa kidole akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameshaamua njiani. Angesoma saratani, angeacha mengine. Saratani ingetosha kulifungua ghala, na kopo lingerudi kuwa kopo.

"Ni cheti cha hospitali, Mama. Kinasema mwanao alikuwa na uvimbe tumboni, saratani, uliokwisha kusambaa. Tarehe ni ya mwaka jana. Wanasema hakuna upasuaji. Wanashauri dawa za maumivu." Akakunja. "Hakuna sumu. Deyanira hakufanya kitu ila kumuuguza."

Mama Zoila hakuinua mkono kuichukua karatasi. Alikuwa anamtazama yeye.

"Umeruka," alisema.

"Nimeruka nini?"

"Macho yako yamepita mstari ambao mdomo haukusema. Sijui kusoma karatasi, mwanangu. Watu nawasoma. Soma ulichoruka."

Mvua ilikuwa imezidi. Nje walikuwa wanangoja na jeneza begani. Tulcán aliufungua tena ule mkunjo, akausoma mstari kwa sauti ndogo: "Aliwahi kupewa dawa za bakteria ya tumbo. Dozi haikukamilika."

"Uongo. Alikamilisha. Nilimhesabia mwenyewe, siku kumi na nne."

Kisha akatazama mezani. Vile vikaratasi vilikuwa bado vimepangwa pale Tulcán alipoviacha, kumi na kimoja.

"Kwa siku vilikuwa vingapi?" aliuliza.

Tulcán alifikiria kusema kimoja. "Sita, Mama."

Mama Zoila aligusa kikaratasi kimoja, akakigeuza. "Mimi nilimpa kimoja."

"Nesi anasema tumbo lilikuwa limeshaanza kuharibika. Huenda hata angekunywa zote..."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Na yeye, Arsenio, alijua?"

"Alijua."

"Na huyu binti naye alijua. Siku mbili namfungia gizani, na anajua." Sauti yake ilikatika. "Niligawa kwa haki, Inspekta. Wote tulikuwa na mdudu. Ningempaje mmoja, kumi nikawatazama?"

Tulcán alikunja cheti mara nne, kama alivyokikuta.

Mama alijifuta uso kwa kiganja, akatoka. Hakutazama jeneza. Alipita uani kwenye mvua, watu wote nyuma yake, akafungua kufuli kwa mkono wake mwenyewe, akasukuma mlango.

"Toka," alimwambia Deyanira. "Mtoto wako yuko nyumbani kwa Magola, ameshakula. Hukumuua. Niliyegawa dawa zake ni mimi." Alilisema kwa sauti ya kufika kila mtu. Kisha akaingia ghalani, akaketi juu ya magunia pale pale palipokuwa na joto la mwenzake. "Olmedo, funga."

"Mama, unafanya nini? Kaka anangoja!"

"Nimesema funga."

Olmedo alisimama na jeneza begani, mdomo wazi, na jitu lile likaanza kulia kama mtoto. Hakuna aliyesogea. Ni Nesi Magola aliyepita mbele, maana wenye kazi za watu walio hai hawana muda wa kusimama.

"Sikilizeni. Barabara ikifunguliwa nataka kila aliyekula chungu cha nyumba hii akapimwe. Wote. Nipeni majina."

"Mwandishi yupo," sauti ya Mama Zoila ilisema kutoka gizani. "Deyanira, andika. Safari hii kila mtu anywe dozi yake nzima, asimgawie mtu. Na langu usiandike. Mimi zangu nilikunywa."

Deyanira alinyoosha mkono. Tulcán akampa daftari na kalamu. Aliegemea mlango wa ghala akaandika kwa ule mwandiko wa duara, haraka, akiyataja majina kadiri anavyoyaandika: Olmedo, Yurani, wajomba, wakaza wana, watoto. Jina moja hakulitaja, na lilikuwa la kwanza kabisa juu ya ukurasa. Tulcán aliliona, Zoila, lina mkia mrefu kama lilivyokuwa kwenye kikaratasi cha kopo.

"Umeliandika?" Mama aliuliza.

"Sijaliandika, Mama. Toka tukamzike."

Mama Zoila aliinama kwenye mwanga wa mlango, bado ameketi juu ya magunia. Hakumwangalia mkwe wake. Alimwangalia Tulcán, machoni, kwa muda mrefu.

"Inspekta. Ameliandika?"

Tulcán aliyaacha macho yake pale pale, ndani ya macho ya yule mama, wala hayakushuka kwenye ukurasa.

"Hapana, Mama," alisema.

Mama Zoila akampa Deyanira mkono, ili amwinue.